Hodi Kutoka Darini

Kila ninapoingia katika jengo la ghorofa, hutazama juu kabla ya kumsalimu mtu. Wengine hudhani nina dini sana. Sababu ni nyingine: nataka kujua kama dari ni nzima, na kama si nzima, nani amepewa kazi ya kuitika. Mazoea haya niliyapata kwa mtu mmoja tuliyemwita Fundi. Iringa ya miaka ya hamsini ilikuwa na mafundi wengi, wa baiskeli, wa saa, wa kuziba masufuria, lakini ukisema Fundi na kunyamaza hapo, kila mtu alielewa unamsema yeye. Alikata zege ndani ya majengo ambayo watu bado wamo wanafanya biashara.

Hakupenda kuitwa mbomoaji. "Kubomoa anaweza yeyote mwenye hasira," alisema. "Kukata kunataka adabu."

Nilimfahamu nilipokuwa mpima vitambaa katika duka moja la ghorofa pale mjini. Chini tuliuza kaniki, bafta, blanketi, sabuni na viberiti. Juu walikaa washonaji sita na cherehani zao. Ngazi ilikuwa moja tu, ya nje, upande wa nyuma, na mvua zilipoanza hakuna mteja aliyekubali kulowa ili akapimwe suruali. Kwa hiyo Mwenye Duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliamua ngazi iwe ndani. Ili ipite, sakafu ya juu ilibidi ikatwe tundu la futi nane kwa futi nne. Na duka lisifungwe.

"Nikifunga siku moja," alisema Mwenye Duka, "mteja atajifunza njia ya duka jingine. Miguu ya watu haisahau, bwana wee."

"Sijakuambia ufunge, Mzee," Fundi alimjibu. "Mimi nikikuta nyumba imefungwa, siingii."

Tulidhani ni mzaha. Ijumaa ya kwanza, Mwenye Duka alipokwenda msikitini, duka lilifungwa kwa saa moja na nusu, na hapakuwa na mtu hata mmoja chini. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote ya kushusha zege. Fundi aliweka nyundo chini, akakaa barazani, akala karanga. Mwenye Duka aliporudi na kumkuta anakula karanga, alitaka kulia.

"Nimekuachia jengo zima tupu!"

"Ndiyo maana sikufanya kitu," alisema Fundi. "Nyumba isiyo na mtu wa kukukaribisha, unaingiaje?"

Hapo ndipo ilipokuwa kanuni yake kuu. Zege lake lilikatwa vipande, na kila kipande, kabla ya kushushwa, kilipaswa kupiga hodi. Kwa kuwa kipande hakina mdomo, Fundi alikipigia. Alichuchumaa juu kandoni mwa tundu, akaita kwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni pa wakwe: "Hodi!" Chini palikuwa na mtu wa kuitika. Pakiwa wazi aliitika "Karibu," na kipande kikashuka. Pakiwa na mtu aliitika "Bado," na kipande kikangoja. Kimya kilihesabiwa kuwa bado.

Mwitikaji nilichaguliwa mimi, kwa sababu Fundi aliniona napima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Nilipewa kigoda cha miguu mitatu, nikakiweka nje kidogo ya kamba iliyozungushiwa mahali pa kushukia zege, na nikaambiwa nisitoke hapo wakati wa kazi hata kama Mwenye Duka anaungua moto.

"Nikiungua je?" aliuliza Mwenye Duka.

"Huyu ataitika bado," alisema Fundi.

Desturi hiyo alisema ilianzia Makongolosi, alikofanya kazi katika machimbo ya dhahabu. Kule walipiga filimbi kabla ya kulipua mwamba. Yeye aliona filimbi ni ya kuitia mbwa, na kwamba mtu akifa baada ya kuitwa kama mbwa, marehemu ana haki ya kununa. Baadaye alikwenda Mbeya kukata sakafu ya ghala moja, na huko mwitikaji wake alikuwa mzee wa Kinyakyusa ambaye hakuona vyema kumwambia mgeni "Karibu" bila kumjulia hali. Aliuliza kwanza mgeni anatoka wapi, anaendeleaje, na nyumbani wamebaki na nani. Fundi alimjibu yote kwa niaba ya zege. "Ni kipande cha saba. Nyumbani amewaacha wenzake tisa, wazima." Kazi ya siku nne ilichukua wiki tatu, na Fundi aliisimulia kama kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Kazi yenyewe niliichunguza kwa makini, na naweza kuieleza. Siku ya kwanza aliomba mche mmoja wa sabuni, akaukata kwa uzi vipande kumi na sita vilivyo sawa, ili Mwenye Duka aelewe. Mwenye Duka aliitazama sabuni yake na hakuusikia mfano. Kisha Fundi alisimamisha nguzo za miti chini ya sakafu pande zote za tundu, ili kinachobaki kisifuate kinachoondoka. Juu alichora mistari kwa uzi uliopakwa masizi: vipande kumi na sita, kila kimoja futi mbili kwa futi moja, unene inchi tano. Kila kipande alikitoboa matundu mawili, akapitisha kamba, na kamba ikaning'inia kwenye roda iliyofungwa juu ya miti mitatu ya mikaratusi. Wanaume wawili waliishika kamba. Hapo ndipo alipokata pembeni kwa tindo na nyundo, taratibu, huku akinyunyiza maji ili vumbi lisipande wala lisishuke. Nondo alizikata mwisho kwa msumeno wa chuma. Baada ya nondo ya mwisho, kipande kilitikisika kidogo, kama mtu anayeamka, na Fundi akasema hodi.

Alikuwa amekadiria kila kipande kitakuwa na ratili mia na ishirini na tano. Cha kwanza nilikipima kwenye mizani ya mahindi, nikapata mia na ishirini na saba. Alihuzunika.

"Ni maji," alisema baada ya kufikiri. Tulikianika juani siku mbili. Nikapata mia na ishirini na sita.

"Unaona?" alisema. "Bado kinakauka."

Alikuwa na misemo, na kwa kuwa nilikuwa nayo penseli ya kuandikia vipimo, niliiandika. "Sakafu na dari ni kitu kimoja, tofauti ni nani analalamika." "Zege halikimbizwi; mbio zake lilizimaliza siku lilipokuwa uji." "Kinachoshuka kishuke kama mgeni, kisishuke kama mwizi." Mwenye Duka alipomwambia aongeze mwendo, Fundi alimjibu kwa mmoja wa misemo hii, akichagua ule usiohusika.

Mambo yake hayakulingana. Alipiga nyundo kutwa, lakini aliwafokea washonaji kwa kelele za cherehani. Alikuwa mtu wa vumbi, lakini hakukaa mahali kabla ya kupapangusa kwa leso mara tatu. Aliwakataza watu wote kutikisa jengo, naye alinusa ugoro, na chafya yake ilitikisa jengo. Kwa haki niseme kwamba aliposikia chafya inakuja alisimamisha kazi, akashuka kwa ngazi ya nyuma, akavuka ua, akapiga chafya ukutani kwa jirani, kisha akarudi akiwa amenyooka kama karani. Jirani alikuja kuuliza mara moja tu.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni hili: hakuwahi kuchungulia chini kupitia tundu alilolikata mwenyewe. Hata tundu lilipokuwa kubwa la kupita ng'ombe, alipolikaribia aligeuza uso.

"Chini kuna duka la watu," aliniambia. "Unachunguliaje nyumba ya mtu kupitia darini? Mimi nasikia tu. Macho yangu ni wewe."

Sasa nieleze kuhusu Kaka. Fundi alikuwa na kaka yake mkubwa huko Kilolo, mkulima wa njegere na mzee wa kanisa, aliyeamini kwamba darini ni mahali pa popo. Walibishana miaka mingi, mpaka siku moja, mbele ya waumini waliokuwa wakitoka ibadani, Fundi akaweka ahadi: siku zege lake litakaposhuka bila kukaribishwa, likamgusa mtu au kitu cha mtu, ataweka tindo chini na kurudi kulima. Kaka hakupoteza muda. Alimtengea kipande cha shamba na kumnunulia jembe, akalitia mpini kabisa. Kila siku ya soko, wauza njegere waliotoka Kilolo walipita dukani kwetu na ujumbe wa neno moja: "Limeshashuka?"

"Bado," Fundi alijibu, na wao wakaupeleka.

Aliliogopa jembe lile. Alipolitaja, alishusha sauti. Kwake kulima hakukuwa aibu. Hofu yake ilikuwa kwamba ardhi haina upande wa chini, na hakujua angempigia nani hodi.

Kwa hiyo ieleweke vizuri nilikuwa nimeshika nini mkononi kila nilipokalia kile kigoda.

Ilikuwa zamu ya kipande cha kumi. Fundi alikuwa kwenye nondo ya kwanza kati ya tatu, na kwa kipimo changu kila nondo ilichukua dakika saba. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama muuza chai na vitumbua. Nilipiga hesabu: kuvuka, kunywa, kurudi, dakika tisa. Hata kwa kuhesabu nondo mbili za mwisho tu, ningebaki na ziada ya dakika tano. Hesabu ilikuwa sahihi. Sikujua kwamba asubuhi ile Fundi alikuwa ametia msumeno meno mapya.

Nilipokuwa nimetoka, Bibi mmoja aliingia dukani kununua kaniki. Alitoka vilima vya Kilolo, mtu mzima, amefunga vitenge viwili, na alikuwa na adabu zote ambazo watu hulalamika kwamba zimekwisha. Mwenye Duka alikuwa nyuma anatafuta jora. Bibi alisimama peke yake. Kutoka juu sauti ikaita:

"Hodi!"

Niliisikia nikiwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na kitumbua kimoja mkononi na kimoja mdomoni, cha moto. Nilifungua mdomo kupiga kelele "Bado!" na hakuna kilichotoka ila mvuke. Nikakimbia. Na mtu aliyelelewa vizuri, akisikia hodi, hana namna ya kujizuia. Bibi aliitika kabla hata hajafikiri:

"Karibu! Karibu, mwanangu, pita ndani!"

Juu, Fundi alisikia karibu. Hakuchungulia. Akawapungia mkono watu wa kamba.

Bibi hakuona mgeni mlangoni, akadhani atashuka kutoka juu, kwa maana sauti ilitoka huko. Mgeni akija lazima akae. Akatazama huku na huku, akakiona kigoda changu, kitupu. Akakiinua, akapita chini ya kamba, akakiweka pale palipofagiliwa vizuri kuliko pote, yaani katikati kabisa ya mahali pa kushukia zege. Akakipangusa kwa ncha ya kitenge. Akarudi nyuma hatua mbili, kama inavyopasa.

Nilifika mlangoni wakati kipande cha kumi kinashuka. Kilishuka polepole, kimetulia, kikizunguka kidogo kama mtu anayetazama bidhaa. Kikakaa juu ya kigoda.

"Kamwene," Bibi alikisalimu kwa Kihehe.

Kigoda kilistahimili kwa muda wa salamu ile. Kisha mguu mmoja ukavunjika, zege likainama mbele, likaegemea jora la bafta, likatulia.

"Pole, baba," alisema Bibi. Akanigeukia mimi, niliyekuwa mlangoni nimefumba mdomo. "Mgeni wenu mzito."

Wauza njegere waliipeleka habari, na baada ya siku mbili Kaka alifika kutoka Kilolo, jembe begani. Shauri lilisikilizwa palepale dukani, katikati ya biashara. Mwenye Duka alikuwa hakimu huku akiendelea kupima sukari. Bibi aliitwa, akaja amevaa kaniki mpya. Kigoda kililetwa, na mguu wake uliovunjika kando yake.

"Zege lilishuka," Kaka alianza. "Nani alilikaribisha?"

"Mimi," alisema Bibi.

"Bibi, wewe ni mteja. Nyumba si yako."

"Anayekaribisha ni aliye ndani. Ulitaka hodi ijibiwe na nani? Na blanketi?"

Watu walicheka. Kaka aliinua mkono, kama anavyofanya kanisani.

"Hukuona kwamba ni zege?"

"Hodi hutangulia, mgeni hufuata. Wewe ukisikia hodi huanza kuchungulia kwanza ujue ni nani, ndipo ukaribishe? Basi Kilolo ya kwenu si Kilolo ya kwetu."

Niliona jasho kwenye paji la mzee wa kanisa. Akageukia kigoda.

"Sawa. Lakini ahadi ilisema mtu au kitu cha mtu. Hiki ni kitu cha mtu, na kimevunjika."

"Mgeni akikalia kigoda kikavunjika, mwenyeji husema pole," Bibi alimjibu. "Nimeshasema. Huyu alikuwepo." Akaninyooshea kidole.

Kaka alinitazama, na hapo nikajua kwamba yeye naye alikuwa mtu wa vipimo. Aliinama, akakigeuza kigoda, akaona mahali palipong'aa kwa kukaliwa.

"Kigoda hiki," aliuliza taratibu, "kwa kawaida hukaliwa na nani?"

Mwenye Duka aliacha kupima sukari. Ningesema kweli, ingedhihirika kwamba mwitikaji hakuwepo, kwamba karibu ile haikuwa karibu ya kazi, na Fundi angeondoka na jembe jioni ileile. Nisiposema, ningekuwa mwongo mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya tajiri wangu na mbele ya Bibi. Nilikuwa bado sijaamua. Fundi alinitazama, kisha akakitazama kigoda.

"Siku ile," alisema, "kilikaliwa na zege."

Halikuwa jibu la swali, lakini lilikuwa kweli, na duka zima lilicheka mpaka washonaji wakashuka kwa ngazi ya nyuma kuuliza kuna nini. Mwenye Duka alitoa hukumu kabla kicheko hakijaisha: mgeni alikaribishwa. Kaka alikubali kushindwa, lakini alikataa kurudi na jembe. Aliliegemeza ukutani. "Litangoja hapa," alisema. Lilikaa pale miezi miwili, na kila siku kulikuwa na mteja aliyetaka kulinunua.

Vipande sita vilivyobaki vilishuka bila tatizo. Fundi hakuniuliza kitu juu ya siku ile. Ila kila asubuhi, kabla ya kupanda juu, alisimama mbele yangu.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Fundi."

"Ya kutosha?"

Kazi ilipokwisha aliondoka na tindo zake, jembe, na kile kigoda kilichovunjika. Ngazi ilijengwa. Wateja walipanda wakavu, na wengi walisimama katikati ya ngazi na kusema hodi, kwa mazoea tu.

Nilihamia Mbeya, nikapata kazi Mwanjelwa. Ilipita miaka minne. Jambo lile halikunisumbua kila siku, lakini lilinisumbua kila nilipokula kitumbua, na mimi hupenda vitumbua. Mwishowe nilipanda basi hadi Iringa, nikaambiwa Fundi amerudi kwao, nikapanda lori hadi Kilolo.

Nilimkuta anaishi kwa Kaka. Zege halikumrudisha, mgongo wa Kaka ndio uliomrudisha. Mgongo uliposhindwa kuinama, Fundi alikuja mwenyewe bila kuitwa, akashika jembe lilelile. Shamba nililiona kabla ya nyumba. Lilikuwa limegawanywa kwa uzi wa masizi katika vipande vya futi mbili kwa futi moja, vyote vimenyooka, njegere zimesimama katikati ya kila kimoja. Nusu ya shamba ilikuwa bado haijaguswa, na majirani walikuwa wamekwisha kuvuna.

Nilisimama mlangoni.

"Hodi!"

"Bado!" ilijibu sauti ya ndani.

Nilingoja. Nilisikia leso ikipapangusa kitu mara tatu.

"Karibu."

Alinionyesha mahali pa kukaa. Kilikuwa kigoda changu. Mguu mmoja ulikuwa mpya, wa mkaratusi, na nilipokaa hakikuyumba. Nilimwambia yote, moja kwa moja, bila kupunguza: barabara, chai, hesabu ya dakika, msumeno.

"Najua," alisema. "Siku ile ulikuwa na mafuta mdomoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na vipande sita juu. Nani angeitika?" Alinusa ugoro kidogo, akafikiri. "Vilikuwa vitumbua vingapi?"

"Viwili."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Miaka minne nabishana na Kaka. Yeye anasema vitatu."

Kabla sijajibu, nje tulisikia fimbo ikigonga chini polepole. Kaka alikuwa anarudi kutoka kanisani, kwenye nyumba yake mwenyewe, lakini alisimama mlangoni.

"Hodi!"

Fundi hakuitika. Alinitazama, akaukazia macho mguu mpya wa kigoda, akageuza uso kando, kama alivyogeuza kila alipolikaribia tundu. Nikaelewa. Nilitazama juu: paa lilikuwa la nyasi, zima. Nilitazama chini: sakafu imefagiliwa, hakuna mtu katikati. Nikahesabu tuliomo, tukawa wawili, wote pembeni.

"Karibu," nikaitika.